Ukuta wa nyumba si uzio wa bwawa

Na Mwandishi Wetu, Maskati

Wengi wanaijua Ghala, katika wilaya ya Bausher hapa Maskati, kwa viwanda na magereji yake. Lakini Ghala ni makaazi ya watu pia, na nyumba zake, kama nyingi za mji huu, zimezungushiwa kuta ndefu. Baadhi ya nyumba hizo zina bwawa la kuogelea uani.

Miongoni mwetu Waswahili tuishio huku, wazazi wakenda kazini mtoto huachwa kwa bibi, kwa shangazi, au kwa jirani anayelea watoto wanne watano nyumbani kwake. Ni malezi ya kuaminiana. Mzazi huuliza chakula na usingizi. Bwawa mara nyingi haliulizwi, kwani ukuta upo na geti limefungwa.

Hapo ndipo penye kosa. Ukuta ule humzuia mtu wa nje. Mtoto anayelelewa yumo ndani tayari, na kati yake na maji kuna mlango wa jikoni au wa sebuleni tu.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1998 watafiti Thompson na Rivara walikusanya matokeo ya uchunguzi uliofanywa juu ya uzio wa mabwawa. Ilionekana kwamba uzio wa pande nne, unaolitenga bwawa hata na nyumba yenyewe, hupunguza hatari ya mtoto kuzama kwa kiasi cha asilimia 83 ukilinganishwa na ule unaozunguka kiwanja chote.

Australia imeuweka uzio huo katika sheria. Kimo chake kisipungue mita 1.2, na nafasi baina ya nondo isizidi sentimita 10. Geti lifunguke kuelekea nje ya bwawa, lijifunge lenyewe, na komeo lake mtoto asilifikie. Kiti au ndoo isiachwe karibu, maana mtoto ataipanda. Wanasesere nao wasiachwe majini, kwani humwita.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Shirika hilo hilo linashauri watoto wadogo walelewe mahali salama, mbali na maji, kuwa ni njia mojawapo ya kuwanusuru. Basi nyumba ya malezi yenye bwawa lililo wazi huigeuza kinga kuwa hatari.

Asidhani mtu kwamba atasikia kelele. Mtoto mdogo huzama kimya kimya, kwa muda wa mlezi kupokea simu au kugeuza chapati. Anayelea watoto na ajifunze kumpulizia pumzi mtoto aliyeopolewa na kumkandamiza kifua, na namba 9999, ya dharura hapa Oman, iwe imebandikwa ukutani.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Hii inayo, na fundi wa vyuma yupo hapo hapo Ghala. Linalotushinda ni muhali: mzazi huona haya kumwambia bibi au jirani, "Naomba nilione bwawa lenu." Naaseme. Na mlezi asichukie akiulizwa, kwani aulizwaye ni aliyeaminiwa roho ya mtoto wa mwenzake.