Utani wa Babu na Mjukuu: Nafasi Yake Katika Malezi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi babu na nyanya wanavyomjenga mtoto kihisia na kijamii, na kuonyesha kwamba jambo hilo halifahamiki barabara pasipo kuichunguza lugha inayotumika baina yao.

Tuanze na namna wanavyoitana. Miongoni mwa Waswahili, na katika jamii nyingine kadha za Afrika Mashariki, nyanya humwita mjukuu wa kiume 'mume wangu', naye babu humwita mjukuu wa kike 'mke wangu'. Maneno haya hayachukuliwi kwa maana yake ya kawaida. Yanatangaza kwamba wawili hao ni watani, na kwamba ile heshima yenye woga ambayo mtoto huwapa wazazi wake imelegezwa hapa. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu utani, alieleza kwamba mzazi ana mamlaka juu ya mwanawe, ilhali babu na mjukuu hukaribiana kama watu walio sawa. Wakikuyu huutia nguvu ukaribu huo kwa majina: mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama.

Je, mtoto hufaidi nini? Kwanza, hujifunza kustahimili mzaha. Nyanya akimwuliza ni mume gani huyu asiyeweza hata kuteka maji, mtoto hana budi kujibu, wala haruhusiwi kukasirika. Kwa kujibu mara nyingi, huanza kutambua ni neno lipi lichekeshalo na ni lipi lijeruhilo. Pili, hujifunza kushindwa. Katika kutega vitendawili, asiyejua jibu hutoa mji. Mtegaji huenda huko kwa maneno, akajisifu kwa aliyoyala na kuyaona, kisha akafumbua. Kushindwa hakuleti fedheha, bali huendeleza mchezo. Tatu, hupata pa kukimbilia. Aliyekemewa na baba huingia kwa nyanya, akasema lile ambalo hakuthubutu kulisema nyumbani kwao. Wajaluo waliipa kazi hii nyumba yake maalumu, siwindhe, ambamo bikizee aliwalaza watoto na kuwafunza kwa hadithi, vitendawili na mazungumzo ya usiku.

Hata hivyo, yafaa tutanabahi kwamba utani huu hausimami peke yake. Babu huweza kucheka kwa kuwa kuna baba anayekemea. Kizazi cha kati kikiondoka, muundo wote hubadilika. Hayo yalidhihirika nchini Kenya wakati wa UKIMWI, uliotangazwa kuwa janga la taifa mwaka 1999. Wazee wengi waliwazika watoto wao, kisha wakabaki kuwalea wajukuu. Nyanya aliyepaswa kumtania mtoto sasa alilazimika kumpeleka shule, kumlisha na kumrudi. Serikali ilianza mwaka 2004 kuzipa fedha kaya zinazolea yatima, na msaada huo una manufaa makubwa. Lakini fedha hazirudishi utani. Mtoto wa namna hiyo amefiwa na wazazi, na kwa maana fulani amempoteza nyanya pia, ingawa wanaishi chini ya paa moja. Nyanya naye amempoteza mtani wake.

Hapa ndipo wanafunzi wa lugha wanapohusika. Tumezoea kukusanya hadithi na vitendawili, tukavipanga kwa aina na dhamira, tukaviingiza vitabuni. Mara nyingi tunasahau kuandika ni nani aliyemsimulia nani, walikuwa wakiitanaje, na ni nani aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake. Matini yanayokusanywa hivyo huhifadhi maneno na kupoteza kazi yaliyoifanya. Yafaa basi mkusanyaji aandike pia uhusiano wa wasemaji, na azitembelee hasa zile kaya ambamo babu na nyanya wamekuwa wazazi. Asikilize kama 'mume wangu' bado linatamkwa humo, na kama limenyamaza, ni nani sasa anayemfundisha mtoto kucheka anaposhindwa: shangazi, mjomba, jirani, au hapana mtu. Jibu la swali hilo litawafaa walimu na walezi kama litakavyotufaa sisi.