Dawa ya kifafa: Kwa nini kupona kwa panya hakutoshi

Je, msomaji, umewahi kusoma kwamba dawa mpya imezuia kifafa katika panya, ukajiuliza mbona haijafika dukani?

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Mojawapo ni glutameti, ambayo huzichochea seli kufanya kazi. Hushika mahali maalumu juu ya seli, paitwapo kipokezi, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli. Kifafa kinapomshika mtu, seli nyingi huchochewa kwa pamoja kupita kiasi. Basi wataalamu waliwaza: tukiliziba tundu la kufuli, ufunguo utaingilia wapi?

Kujaribu wazo hilo, panya hupewa dawa, kisha hudungwa kemikali inayoleta kifafa, kama vile pentilenitetrazoli. Panya wengine hupewa maji ya chumvi badala ya dawa, ili wawe wa kulinganishwa nao. Mtafiti hushika saa: mtukutiko umeanza baada ya dakika ngapi? Umedumu kwa muda gani? Wangapi wamekufa? Katika miaka ya 1980, dawa zinazoziba kipokezi cha glutameti kiitwacho NMDA zilileta matumaini makubwa katika majaribio ya namna hii.

Lakini mwaka wa 1993 yalichapishwa matokeo ya mojawapo, D-CPP-ene, iliyopewa wagonjwa 8 wa kifafa sugu. Wote wanane walilazimika kuiacha kwa sababu ya madhara yake, ilhali watu wazima wa afya walikuwa wameivumilia vyema zaidi.

Kumbuka kwamba panya wa sindano hana ugonjwa wa kifafa. Ameangushwa siku hiyo tu. Mwaka wa 1991, watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba panya ambao ubongo wao umezoeshwa kifafa kwa umeme, siku baada ya siku, hudhurika zaidi na dawa za aina hii kuliko wenzao wazima. Naona onyo hilo lilistahili kusikizwa mapema.

Hata hivyo wazo lenyewe halikufa. Perampaneli, inayoziba kipokezi kingine cha glutameti kiitwacho AMPA, iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka wa 2012.

Ikiwa wewe au mwanao mnatumia fenobabitoni, msiikatize mkingojea dawa mpya. Kuiacha ghafla huweza kuleta mitukutiko mfululizo isiyokoma, nayo huua. Anayetaka kubadilisha dawa hupunguziwa ile ya zamani kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari.