Rubela: Homa Ndogo kwa Mama, Mzigo Mkubwa kwa Mtoto

Mwanamke anapokuwa mjamzito husikia maonyo mengi: asibebe mizigo mizito, asinywe dawa ovyo, alale ndani ya chandarua. Hayo ni maonyo mema. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao hautajwi sana, kwa sababu kwa mtu mzima ni mwepesi. Jina lake ni rubela. Wengine huuita surua ya Kijerumani, ingawa si surua.

Rubela huletwa na virusi vinavyoenea kwa kikohozi na chafya. Mgonjwa hupata homa ndogo, vipele vinavyoanzia usoni na kudumu kama siku tatu, na uvimbe wa tezi nyuma ya masikio na shingoni. Wanawake wengine huumwa viungo. Wengi hawaoni dalili yoyote. Tena mgonjwa huweza kuwaambukiza wengine kwa muda wa wiki moja kabla vipele havijatokea.

Hatari iko tumboni

Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Australia, aitwaye Norman Gregg, alishangaa kuona vichanga wengi wenye mtoto wa jicho. Alipochunguza, aligundua kuwa wengi wa mama zao waliugua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Miaka ya 1964 na 1965 rubela ilienea Marekani, na watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara yake.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa wakati huo macho, masikio, moyo na ubongo wa mtoto vinaumbwa. Mama akiambukizwa katika wiki 12 za kwanza, uwezekano wa mtoto kudhurika huweza kufika asilimia 90. Mimba huweza kuharibika, au mtoto kuzaliwa amekufa. Anayezaliwa hai huweza kuwa kiziwi, kuwa na mtoto wa jicho, ugonjwa wa moyo, kichwa kidogo, au akili inayochelewa kukua. Baada ya mwezi wa tano hatari hiyo hupungua sana.

Si laana, wala si kosa la mama

Sisi wauguzi tunahuzunika tunaposikia ukoo ukimlaumu mama kwa kuzaa mtoto asiyeona: mara kuna uchawi, mara kuna dhambi ya siri. Tukumbuke Yohana sura ya 9. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana Yesu hakukubali kuwatwika wazazi lawama hiyo. Nasi tusimtwike mama mwenzetu.

Badala ya lawama, tumsaidie kuwahi hospitali. Ukiona weupe katika mboni ya jicho la mtoto, usingoje akue. Mtoto wa jicho kwa kichanga hutakiwa kufanyiwa upasuaji mapema, kabla ubongo haujapitwa na wakati wa kujifunza kuona. Mtoto asiyeshtuka kwa sauti kubwa, au anayehema kwa shida na kutoka jasho anaponyonya, naye apelekwe haraka. Mtoto wa namna hii huweza kutoa virusi kwa muda wa mwaka mzima. Kwa hiyo wajawazito wasimhudumie, nasi wengine tusimkimbie.

Kinga huanza kabla ya mimba

Hakuna dawa ya kuviua virusi hivi mama akishaambukizwa. Kinga ni chanjo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014, na Kenya mwaka 2016. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya nyuma hatukuipata. Baadhi yetu tuliugua utotoni, na kinga ya ugonjwa huo hudumu. Lakini ni kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha nani anayo na nani hana.

Mwanamke anayetazamia kushika mimba amwulize daktari juu ya kipimo na chanjo hiyo. Mjamzito hachanjwi, na aliyechanjwa angoje angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Anayenyonyesha anaweza kuchanjwa.

Mjamzito akikaa karibu na mtu mwenye homa na vipele, aende kliniki upesi, hata kama yeye mwenyewe hajisikii mgonjwa. Asinunue dawa dukani na kungoja.

Dada zetu, tuangalie kadi za watoto wetu leo. Mama wengi hukumbuka sindano ya miezi 9 na kuisahau ile ya miezi 18, maana mtoto ameshatembea na kliniki imeonekana kazi imekwisha. Haijakwisha. Mtoto asiyechanjwa hucheza nyumbani kwa jirani, huketi shule ya Jumapili, hupakatwa na mwalimu wake ambaye pengine ana mimba ya wiki sita na hajamwambia mtu. Tunapomchanja mtoto wetu, tunamlinda pia mtoto wa mwenzetu ambaye bado hajazaliwa. Huo nao ni upendo kwa jirani.