Kompyuta Inayojitolea Nayo Huhitaji Chati

Muuguzi wa zamu ya usiku hadhani kwamba kila mgonjwa aliyenyamaza amelala. Hupita kitanda kwa kitanda, akapima joto la mwili, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua na shinikizo la damu, kisha akaandika katika chati. Kimya kinaweza kuwa usingizi. Kinaweza pia kuwa hatari. Kanuni hiyo ya wodini inawahusu hata watu waliozitoa kompyuta zao za nyumbani zisaidie utafiti wa magonjwa.

Msingi wa utafiti huo ni umbo la protini. Protini hutengenezwa kama mnyororo wa asidi amino, kisha mnyororo hujikunja hadi kupata umbo linaloiwezesha kufanya kazi yake. Wahudumu wa afya wanaijua gharama ya hitilafu ndogo. Katika ugonjwa wa selimundu, asidi amino moja tu ya mnyororo wa beta wa hemoglobini ndiyo iliyobadilika, nayo yatosha kuzifanya chembe nyekundu za damu zipoteze umbo lake oksijeni inapopungua. Kukokotoa jinsi kila atomu ya protini inavyosogea, hatua kwa hatua, ni kazi ambayo kompyuta moja ingehitaji miaka mingi kuikamilisha.

Ndiyo maana mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Stanford, nchini Marekani, kilianzisha mradi wa Folding@home. Kazi kubwa hugawanywa katika vifurushi vidogo. Anayejitolea huweka programu ya mradi katika kompyuta yake. Programu hiyo hupokea kifurushi kupitia intaneti, hukikokotoa, hurudisha matokeo na kuomba kingine. Magonjwa yaliyochunguzwa kwa njia hii ni pamoja na saratani na Alzheimer. Machi 2020, janga la UVIKO-19 liliwavuta watu wengi kiasi kwamba nguvu ya kompyuta zote kwa pamoja ilivuka mahesabu trilioni milioni moja kwa sekunde. Hata hivyo, wingi huo ulizilemea seva za mradi, na kompyuta nyingi zilikaa zimewashwa zikisubiri kazi. Mwenye nyumba asiyefuatilia aliweza kuamini kwamba anachangia, ilhali mashine yake haikuwa na kifurushi hata kimoja.

Ipo sababu nyingine ya kutopuuza kimya cha mashine. Vifurushi vya Folding@home hufuatana: kinachofuata hutengenezwa kutokana na matokeo ya kilichotangulia. Kompyuta ikikwama na kifurushi, sehemu hiyo yote ya uchunguzi husimama. Kwa hiyo kila kifurushi huwekewa muda. Ukipita bila matokeo kurudi, seva humpa mtu mwingine kazi ileile. Wakati huohuo, umeme uliotumika kwa kazi isiyofika umekwisha kulipiwa. Ni sawa na sampuli ya damu iliyochukuliwa kwa uangalifu, kisha ikasahaulika juu ya meza: mgonjwa amechomwa sindano, na daktari bado anasubiri majibu.

Nyumba yenye kompyuta moja inaweza kukaguliwa kwa macho. Zikifika tatu au nne, moja sebuleni, nyingine chumbani kwa watoto, nyingine dukani mbele ya nyumba, ndipo programu za ufuatiliaji zinapoonesha faida yake. HFM.NET ilitengenezwa ili kukusanya hali ya kompyuta zinazotumia Folding@home katika mtandao wa nyumbani na kuiweka katika jedwali moja. BoincTasks hufanya hivyo kwa miradi inayotumia jukwaa la BOINC, kama vile Rosetta@home na World Community Grid.

Jedwali hilo lisomwe kama chati ya wodi. Jambo la kwanza ni hali: je, kazi inaendelea, imesitishwa, imekwama, au kompyuta haipatikani kabisa? Pili ni mwendo: asilimia moja ya kifurushi huchukua muda gani? Muda huo ukirefuka ghafla, huenda kuna programu nyingine inayoshindania prosesa, au mashine imejipunguzia kasi kwa sababu ya joto. Tatu ni muda uliobaki kabla ya kifurushi kuisha nguvu. Nne ni idadi ya vifurushi vilivyoharibika. Kimoja kinaweza kuwa bahati mbaya. Vikifuatana, dawa si kuianzisha upya programu kila mara, bali ni kutafuta chanzo: vumbi katika feni, kumbukumbu mbovu, au kadi ya michoro iliyosukumwa kupita kiwango chake.

Gharama nayo isifichwe. Kompyuta inayotumia wati 200 kwa saa 10 hula uniti 2 za umeme kwa siku, yaani uniti 60 kwa siku 30. Familia inayobana matumizi haina deni kwa utafiti wowote. Anayetaka kuchangia kidogo anaweza kupanga saa za kazi, kupunguza sehemu ya prosesa inayotumika, na kuizuia kompyuta mpakato isifanye kazi hiyo inapotumia betri.

Usalama una masharti yake. Programu zipakuliwe katika tovuti rasmi za miradi pekee. Ruhusa ya kuiangalia kompyuta moja kutoka nyingine ilindwe kwa nenosiri, na iishie ndani ya mtandao wa nyumbani. Kompyuta za hospitali na zahanati zisiguswe bila idhini ya wenye mamlaka: zinabeba siri za wagonjwa, na kasi yake ni sehemu ya huduma.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, yafaa ielezwe wazi kwamba mchango huu hauleti tiba ya mtu fulani wala hauchukui nafasi ya kliniki na dawa. Ni mchango kwa maarifa, na matunda yake huenda yakawafaa wengine baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo haupaswi kutolewa ovyo.

Ukaguzi wenyewe si mzigo. Dakika mbili asubuhi na mbili jioni zatosha kulisoma jedwali. Anayetaka kusafiri, au anayeona uniti zinakaribia kwisha, asizime mashine katikati ya kazi. Folding@home ina amri ya kumaliza kifurushi kilichopo bila kupokea kipya. BOINC nayo ina amri ya kukataa kazi mpya. Amri hiyo itolewe mapema, jedwali lithibitishe kwamba matokeo yamekwisha kutumwa, kisha kompyuta izimwe. Muuguzi naye haondoki zamu kabla ya kukabidhi wagonjwa.