“Bring Up”: Kitenzi cha Malezi na Namna ya Kukitumia

Nafasi za vyuo vikuu zinapotangazwa, zimo familia za pwani ambazo watoto wao hupangiwa vyuo vya bara. Mojawapo ya vyuo hivyo ni Chuo Kikuu cha Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Mahali hapo palikuwa na chuo cha walimu wa diploma. Mwaka 2011 kikawa chuo kishiriki cha Masinde Muliro, na mwaka 2015 kikatunukiwa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kijana wa Kiswahili akifika huko huketi darasa moja na Mbukusu, Msabaoti, Mteso na Mtachoni. Uwanjani na sokoni Kiswahili huwaunganisha wote, lakini katika mihadhara, fomu na mitihani kinachotawala ni Kiingereza.

Katika fomu hizo, hasa zile za kuomba msaada wa karo, kuna jambo moja ambalo kijana hulazimika kulieleza mapema: ni nani aliyemlea. Huenda ni mama peke yake, au bibi mzaa mama, au shangazi aliyemchukua baada ya wazazi kufariki. Kwa Kiingereza, jambo hili husemwa kwa kitenzi cha maneno mawili, “bring up”. Ni kitenzi cha kila siku, na aghalabu ndicho kinachokosewa.

Maneno mawili, maana moja

“Bring” ni kuleta na “up” ni juu. Anayefasiri neno kwa neno atapata “kuleta juu”, maana ambayo ipo pale mtu anapopandisha chai ghorofani, lakini siyo inayokusudiwa katika fomu. Wala jambo hili lisitushangaze sisi wenye Kiswahili. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga goti na tunapiga mbizi, na hakuna anayepigwa hata mmoja. Maana imo katika maneno mawili yakiwa pamoja. Basi mtoto na ajifunze “bring up” kama alivyojifunza “piga pasi”: kitu kimoja, kwa maana yake moja, yaani kulea.

Kosa la “grew me up”

Kosa linalosikika mara nyingi ni “My mother grew me up.” Chanzo chake ni rahisi kukiona. Kwa Kiswahili husema “mama alinikuza”, na kijana akatafuta neno la kukua kwa Kiingereza, akalipata “grow up”. Lakini “grow up” ni kukua, si kukuza. Mtu hukua mwenyewe; hawezi “kumkua” mwenzake. Kwa hiyo husemwa:

“I grew up in Lamu.” Nilikulia Lamu.

“My mother brought me up.” Mama alinilea.

Kosa jingine la jamii hiyo ni “I was grown up by my grandmother.” Msomaji wa fomu atakwama hapo, kwa kuwa “grown-up” ni mtu mzima. Kisemwe hivi: “I was brought up by my grandmother”, nililelewa na bibi yangu. Tendo lililopita ni “brought”. “Bringed” na “brang” hayakubaliwi katika Kiingereza sanifu.

Mahali pa yule anayelelewa

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia zaidi. Tazama neno “alimlea”. Yule anayelelewa, “m”, ameketi ndani ya kitenzi. Kiingereza nacho humketisha katikati anapotajwa kwa kiwakilishi: “She brought him up.” “Alinilea” ni “she brought me up”, na “aliwalea” ni “she brought them up”. Kusema “she brought up me” au “she brought up them” ni makosa.

Akitajwa kwa jina au kwa nomino, pana uhuru. “She brought up five children” ni sahihi, na “She brought five children up” ni sahihi vilevile.

Kulea na kutunza

Tusichanganye pia “bring up” na “look after”. Jirani anayekaa na mtoto tangu asubuhi hadi mama arudi kazini “looks after the child”, yaani humtunza. Aliyemlisha, akamwadilisha na kumsomesha mpaka akasimama kwa miguu yake, huyo ndiye “brought the child up”. Katika fomu ya karo tofauti hii ina uzito, kwa kuwa humweleza anayeisoma mzigo ulikuwa wa nani na kwa muda gani.

Maana nyingine mbili

Kitenzi hiki kina maana nyingine, na mama hana budi kuzijua. Ya kwanza ni kuibua jambo katika mazungumzo. “My uncle brought up the question of fees” maana yake ni kwamba mjomba alizusha suala la karo.

Ya pili ni kutapika au kucheua. Daktari anayezungumza Kiingereza akiuliza, “Has the baby brought anything up?” haulizi habari za malezi. Anataka kujua kama mtoto ametapika, na jibu sahihi humsaidia kuamua matibabu. Usipofahamu swali, mwombe alirudie kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, kwa hiyo hapana aibu katika kuomba hivyo.

Zoezi la nyumbani

Karatasi ya Pili ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE ina swali la sarufi lenye alama 15, na vitenzi vya namna hii huulizwa humo. Baada ya sala ya Isha, mama au baba awasomee watoto sentensi hizi za Kiswahili, nao wazitafsiri kabla ya kuonyeshwa majibu:

1. Shangazi alitulea.
2. Nililelewa Malindi.
3. Usilizushe jambo hilo leo.
4. Mtoto amecheua maziwa.

Majibu: (1) Our aunt brought us up. (2) I was brought up in Malindi. (3) Don't bring that matter up today. (4) The baby has brought up his milk. Ikiwa mtoto ni wa kike, “his” iwe “her”. Kiswahili hakitenganishi hapo, na ndiyo sababu watoto wetu husahau.

Katika Surat Al-Israa, aya ya 24, tumefundishwa kuwaombea wazazi rehema kwa vile walivyotulea tulipokuwa wadogo. Kitenzi cha Kiarabu kilichotumika hapo ni cha asili moja na neno “tarbiya”, na zipo tafsiri za Kiingereza zinazokieleza kwa “bring up” hiihii. Kijana aliyeko Kibabii anayeijua dua hiyo tayari anayo maana moyoni. Kilichobaki ni kuiandika sawasawa, ili anayeisoma fomu yake amjue mama, bibi au shangazi aliyemfikisha hapo.