Huduma ya Hoteli Huanzia Siku ya Kuajiriwa

Mgeni akilalamikia huduma hotelini, lawama zote humwangukia mhudumu aliye mbele yake: ana kiburi, mvivu, hajui kusema na watu. Ni nadra mtu kuuliza kijana huyo aliingiaje kazini, na siku ya kwanza alifunzwa nini.

Tuanze na kuajiriwa. Hoteli zetu za Diani, Bamburi, Watamu na Malindi hutegemea misimu. Agosti na Disemba wageni hujaa. Masika yakiingia, Aprili na Mei, wafanyakazi wengi hurudishwa nyumbani. Disemba ikikaribia, watu husakwa mbio mbio, wengine kwa kujuana, wengine kwa kutoa chai. Aliyelipia kazi huingia na deni. Macho yake humfuata mgeni mwenye bahashishi, na anayemwogopa ni yule aliyemwingiza, si meneja wala mteja.

Kisha kuna ukibarua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Lakini anayejua kwamba kesho aweza kuambiwa asirudi hujifunza kuficha makosa. Malalamiko ya mgeni huyameza, hayafiki kwa mkubwa wake, na kosa hurudiwa.

La tatu ni mafunzo ya mwanzo. Mara nyingi mgeni wa kazi hupewa sare na trei, akaambiwa, "Mfuate mwenzako." Basi huiga ya mwenzake, mema na mabaya. Akiulizwa kama kuku ni halali, au kama mchuzi una karanga, hujibu kwa kubahatisha ili asionekane mjinga. Jibu hilo laweza kumlisha mtu haramu, au kumlaza hospitalini.

Samaki mkunje angali mbichi. Mwenye hoteli atenge siku mbili tatu mwezi wa Novemba, kabla ya pilikapilika. Amtembeze mwajiriwa mpya jikoni, mapokezi na vyumbani. Amwonyeshe wa kumuuliza asipojua, na amruhusu kubadilisha sahani yenye kasoro bila kukatwa mshahara. Na ampe barua ya kazi mkononi. Mfanyakazi anayejua haki yake na mipaka yake hana sababu ya kumdanganya mgeni.