Nyimbo Zilizowabeba Wasichana wa Townsville

Zikitajwa katuni za The Powerpuff Girls, wengi hukumbuka kwanza mikoba ya shule, fulana, vikombe na wanasesere wenye macho makubwa kama sahani. Ndiyo maana husemwa kwamba Blossom, Bubbles na Buttercup, wasichana mashujaa wa mji wa Townsville katika katuni hizo, walikuwa tangazo la biashara lililovishwa nguo za hadithi. Sikubaliani. Bidhaa hizo ziliuzika kwa sababu zilitanguliwa na kazi ya sanaa, na katika kazi hiyo muziki ulichangia zaidi ya watu wanavyoukiri.

Tazama utangulizi wa kila kipindi. Profesa Utonium anachanganya sukari, viungo na mazuri ya kila aina ili aumbe mabinti wapole. Kwa bahati mbaya Kemikali X inamwagikia ndani, mchanganyiko unalipuka, na wasichana watatu wanatokea hewani. Papo hapo ngoma za kielektroniki zinaanza kukimbia, zile za kumbi za dansi za Uingereza za miaka ya 1990. Mtoto wa miaka sita hajui mdundo huo ulikotoka, lakini kabla hajaambiwa neno anaelewa kwamba hawa si mabinti wa kukaa wakingoja kuokolewa. Utamu na kishindo vimekaa pamoja katika sekunde chache, na hilo ndilo wazo zima la katuni. Hata wimbo wa kufungia haukuokotwa tu: uliimbwa na Bis, bendi ya vijana wa Glasgow, kwa kasi ileile na uchangamfu uleule.

Kisha mwaka 2000 kampuni ya Rhino ikatoa albamu ya Heroes & Villains. Ingekuwa rahisi kukusanya vipande vya muziki wa katuni, kubandika picha kwenye jalada na kuuza. Badala yake waliitwa wanamuziki wenye heshima zao: Devo, Frank Black aliyewahi kuongoza Pixies, The Apples in Stereo, na kutoka Japani Shonen Knife. Devo walimwimbia Mojo Jojo, yule sokwe mwenye bongo kubwa na kinyongo kikubwa zaidi; Shonen Knife wakamchukua Buttercup, mkali wa watatu hao. Hapo ndipo wimbo unapoachana na kikombe. Kikombe huchapwa sura tu, lakini mtunzi hawezi kumwimba mhusika asiyemjua.

Wapo watakaosema kwamba muziki huo ulikuwa wa wakubwa, na kwamba mtoto alitaka mwanasesere. Ni kweli alimtaka, lakini katuni inayosikilizwa na kaka, dada na mzazi hupata maisha marefu kuliko ile ya mtoto peke yake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ujasiri wa wasichana uligeuzwa bidhaa. Hili silipuuzi: mtoto mdogo hatofautishi hadithi na tangazo, na anayebanwa mbele ya rafu ya duka ni mzazi mwenye kipato kidogo. Hata hivyo, tuangalie kipi kilitangulia. Craig McCracken aliwachora wasichana hawa kwanza kwa ajili ya kadi ya siku ya kuzaliwa ya ndugu yake, akawatengenezea filamu fupi mwaka 1992 akiwa mwanafunzi wa CalArts, California, na Cartoon Network ikaanza kuonyesha mfululizo wao tarehe 18 Novemba 1998. Rafu za maduka zilikuja nyuma.

Zaidi ya hayo, kama picha pekee ingetosha, basi katuni mpya ya mwaka 2016 ingefanikiwa sawasawa na ya kwanza. Ilikuwa na jina lilelile, rangi zilezile na vinyago vipya madukani, hata wimbo wa utangulizi wenye nguvu kutoka kwa Tacocat wa Seattle. Lakini Cathy Cavadini, Tara Strong na E.G. Daily, waigizaji waliowapa wasichana hao sauti tangu 1998, hawakuitwa. Mashabiki wengi wa zamani waliikataa, na mwaka 2019 ikafikia kikomo.

Muziki, hata hivyo, haukuwaacha wasichana hao: Julai 2023, kundi la NewJeans la Korea Kusini lilitoa video ya wimbo ambamo waimbaji wake watano wamechorwa kama wasichana wa Townsville. Katuni ilipoanza, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa.